Bunduki ya .22 inayokwama: uchambuzi wa kisa kimoja cha Njoro, Nakuru

Bunduki yenyewe ni ya .22 LR (Long Rifle, aina ya risasi ndogo), ya bolti, yaani kipande cha chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu, nayo inalishwa kwa magazini, kisanduku kinachobeba risasi. Imetengenezwa Ulaya na ilinunuliwa kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa Nairobi. Mwenyewe ni mkulima wa Njoro na anaitumia kulenga shabaha tu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo bunduki ya aina hii hapa kwetu hula karatasi, mara nyingi kwa mita 50. Ana magazini tatu: mbili za plastiki zinazobeba risasi kumi kumi, na moja ya chuma ya risasi tano. Katika maelezo haya zitaitwa A, B na C. Mwanzoni hazikuwa na alama yoyote, na kwa muda mrefu hilo pekee lilitosha kuficha ukweli.

Barua pepe ya kwanza kwa kiwanda ilisema bunduki inakwama, imekuwa ikikwama tangu msimu uliopita, na mwenyewe anataka abadilishiwe. Jibu lilirudi baada ya siku chache, la heshima na lisilo na faida: safisha bunduki, tumia risasi za chapa nyingine, jaribu magazini nyingine, tatizo likiendelea irudishe ulikoinunua. Wengi wakipata jibu kama hilo hukata tamaa na kusema kiwanda kimewapuuza. Lakini mtu wa huduma kwa wateja aliye umbali wa maelfu ya kilomita hana bunduki mkononi. Ana barua tu, na barua ile haikumpa chochote cha kushika. Akiambiwa "inakwama" na basi, atatoa maelekezo ya usafi, kwa sababu bunduki nyingi za .22 zinazokwama huwa kweli ni chafu.

Kilichobadilisha kisa hiki ni barua ya pili. Ila kabla ya barua hiyo ilibidi kazi ifanyike, na ili kazi ieleweke lazima umbo la risasi lijulikane.

Risasi ya .22 LR ilianza kutengenezwa mwaka 1887 na haijabadilika sana. Ganda la shaba lina urefu wa milimita 15.6 hivi, na risasi nzima haizidi milimita 25.4. Upana wa ganda ni kama milimita 5.7, na nyuma kuna ukingo uliochomoza wenye upana wa milimita 7 na unene wa milimita 1.1 hivi. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo huo. Pini, kijiti cha chuma kinachogonga risasi ilipuke, haipigi katikati ya kitako kama kwenye risasi kubwa. Inapiga pembeni na kuuponda ukingo.

Ukingo uliochomoza ni adui wa magazini. Risasi zikipangwa moja juu ya nyingine, ukingo wa iliyo juu lazima ukae mbele ya ukingo wa iliyo chini. Ukikaa nyuma, ya juu itajaribu kwenda mbele na kugonga ukingo wa mwenzake, na zote mbili zitashikana. Ndiyo maana risasi za .22 hupangwa moja moja kwa kidole, kila moja ikiingizwa mbele kisha kurudishwa nyuma hadi iguse ukuta wa magazini, na sanduku lenyewe hulala kwa mshazari kidogo.

Jambo la pili ni kichwa cha risasi. Mara nyingi ni risasi tupu, yaani madini ya risasi laini yaliyopakwa nta, na upana wake ni sawa na wa ganda. Ukucha unaweza kukikwaruza. Kwa mchunguzi hilo ni jambo jema: kila mahali kichwa kinapogonga chuma, alama inabaki. Risasi iliyokwama haitupwi. Hutolewa, hutazamwa, hupigwa picha.

Kutenganisha magazini, risasi na bunduki

Kosa kubwa la mwanzo lilikuwa kufanya marekebisho matatu kwa siku moja: kusafisha, kubadilisha risasi, kukaza skrubu. Bunduki ikapata nafuu kidogo, halafu ikarudia. Ukigusa vitu vitatu pamoja hutajua kipi kilileta nafuu, na kiwanda hakitajua pia.

Utaratibu uliofuata ulikuwa wa polepole. Magazini ziliandikwa A, B na C kwa kalamu ya wino usiofutika. Zikatafutwa risasi bandia za alumini, zisizo na baruti wala dawa, zenye vipimo vya .22. Sababu ya kuzitumia ni mbili. Kwanza ni usalama: hakuna mtu mwenye akili timamu anayejaribu ulishaji wa bunduki nyumbani kwa risasi hai. Pili ni sheria. Cheti cha silaha Kenya, kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, huonyesha pia idadi ya risasi mtu anazoruhusiwa. Anayepoteza risasi mia tatu kwa majaribio anaweza kujikuta amemaliza kibali chake kabla ya kugundua chochote.

Kabla ya kila zamu, magazini ilitolewa, bolti ikavutwa nyuma, chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, ikatazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole kidogo. Risasi hai zilikuwa chumba kingine, zimefungiwa. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kila magazini ilijazwa na bolti ikaendeshwa kwa mwendo uleule, mpaka risasi bandia mia moja zipite kwa kila magazini. Matokeo yalikuwa wazi kuliko ilivyotarajiwa. B haikukwama hata mara moja, na C vilevile. A ilikwama mara 13, na zote zilikuwa kati ya risasi ya kwanza na ya tatu baada ya magazini kujazwa kumi. A ilipojazwa sita badala ya kumi, ilikwama mara moja tu katika mia.

Kukwama kwenyewe kulikuwa kwa sura moja. Bolti inasukuma, risasi inainamisha pua, na ncha inagonga ukingo wa chini wa mdomo wa chemba, kidogo upande wa kulia. Kwenye uwanja wa shabaha risasi ishirini hai zilipitishwa kutoka A, za aina mbili, kwa kasi ya kawaida na kasi ya juu, na nne zilikwama kwa namna ileile. Kwenye kila kichwa kulikuwa na kijipande kilichomenywa chini kulia, kikiacha madini yanayong'aa yenye umbo la mwezi mchanga. Picha ya vichwa hivyo vinne vilivyopangwa kwa mstari kwenye kitambaa cheupe, na rula kando yake, ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko maneno yote ya barua.

Hapo mtu angeandika: magazini A ni mbovu, nitumieni nyingine. Lakini magazini ni mwili, springi na kibao cha kusukumia, na kiwanda huwa na vipuri vyote vitatu. Springi na kibao vya B viliwekwa kwenye mwili wa A, na vya A kwenye mwili wa B. Mwili wa A wenye springi ya B ulikwama mara 12 katika mia. Mwili wa B wenye springi ya A haukukwama. Basi springi haina hatia, kibao hakina hatia, kosa liko kwenye mwili.

Washukiwa walioachiliwa

Kuna mambo mengine yanayozaa dalili hiyohiyo, na kila moja lilipaswa kuulizwa kabla ya kiwanda kuandikiwa tena.

La kwanza ni mkono wa mtumiaji. Bolti isiporudishwa nyuma hadi mwisho, hupita juu ya ukingo bila kuushika, au huushika nusu. Bunduki ya bolti haitegemei nguvu ya risasi kujiendesha, tofauti na zile zinazojijaza zenyewe, ambazo zikipewa risasi dhaifu hukwama kwa kukosa msukumo. Hapa injini ni mkono. Lakini mkono uleule ulilisha B na C bila tabu, kwa hiyo hoja hiyo ilianguka.

La pili ni kimo cha magazini. Komeo la magazini likichakaa, au kitako cha mbao kikivimba kwa unyevu wa masika ya Aprili, au skrubu za kufunga mtutu kwenye mbao zikilegea, magazini hukaa chini kuliko inavyotakiwa na kila risasi huanza safari ikiwa chini. Jaribio lake ni rahisi: kwa risasi bandia, sukuma kitako cha magazini juu kwa kidole huku bolti ikienda mbele. Ulishaji ukinyooka, tatizo ni komeo au mbao. Kwa A kusukuma hakukubadilisha kitu.

La tatu ni vumbi. Anayeishi kati ya Gilgil na Njoro anajua udongo wa bonde hili: ni wa volkano, mwepesi, unaingia hata kwenye saa. Karibu na Kariandusi kuna madini meupe ya daiatomaiti, ambayo viwandani hutumika pia kung'arisha vyuma, na upepo wa Januari na Februari hausubiri mtu afunge dirisha. Vumbi likikutana na nta ya risasi na mafuta ya bunduki, magazini hupata ubandiko unaofanana na grisi chafu. Kwa hiyo magazini zote tatu zilifunguliwa, zikasuguliwa kwa mswaki na maji ya vuguvugu yenye sabuni, zikakaushwa kabisa na kurudishwa bila tone la mafuta. Ndani ya magazini hapatiwi mafuta. Yanakusanya vumbi, na yanaweza kupenya hadi kwenye dawa ya risasi. Matokeo ya mia yaliyotajwa juu yalitokana na magazini zilizokwisha kusafishwa, na barua ilisema hivyo, kwa sababu jibu la "safisha kwanza" lilipaswa kufungiwa mlango mapema.

Risasi zenyewe zilihusika kidogo sana. Za kasi ya kawaida, karibu mita 330 kwa sekunde, na za kasi ya juu, karibu 380, zilikwama sawa. Tahadhari moja tu: kuna risasi za kasi kubwa mno zenye ganda refu kuliko la kawaida, na chemba za shabaha zilizobana hazizitaki. Kijitabu cha bunduki kikikataza, usijaribu ili kuona itakuwaje.

Midomo ya A

Juu ya kila magazini kuna midomo miwili inayoshika risasi ya juu isiruke. Nyuma inabana kwa nguvu, mbele inapanuka ili risasi iachiliwe. Muda wa kuachiliwa ndio kila kitu: kitako kinapaswa kushikwa mpaka pua iwe imeshaingia kwenye chemba. Midomo ikifunguka nyuma, kitako cha risasi huinuka kupita kiasi, na kwa kuwa risasi ni fimbo fupi ngumu, kitako kikipanda pua inashuka. Mdomo mmoja ukifunguka kuliko mwenzake, pua hugeukia pembeni pia.

Kwa kalipa, chombo cha kupimia vipimo vidogo, nafasi kati ya midomo ya A kwa nyuma ilikuwa milimita 5.5. Kwenye B, mahali palepale, 5.1. Rula ndogo iliyonyooka ilipowekwa ubavuni, ilionekana ni mdomo wa kushoto wa A uliosogea nje, ilhali wa kulia uko sawa na wa B. Tofauti ya milimita 0.4 inaonekana ya kipuuzi mpaka ukumbuke kwamba ganda lenyewe ni milimita 5.7. (Vipimo hivi ni vya magazini hii. Kila kiwanda kina vyake, na thamani yake hapa ni ulinganisho wa A na B za aina moja.)

Kwa nini zile tatu za kwanza tu? Magazini ikiwa na kumi, springi imebanwa hadi mwisho na inasukuma kwa nguvu zake zote. Mdomo uliolegea unasukumwa nje zaidi, na risasi ya juu inasuguana sana na ya chini yake. Risasi zikipungua, shinikizo linashuka na mdomo uleule mbovu unaweza kuimudu kazi.

Chanzo kilipatikana kwa kuuliza. A ndiyo iliyokuwa ikiwekwa kwenye sefu ikiwa imejaa, miezi kwa miezi. B ilikuwa ya akiba, tupu. Plastiki inayobanwa muda mrefu hukubali umbo jipya, na joto huongeza kasi. Ya chuma ingeweza kuvumilia zaidi, na ikipinda fundi anaweza kuirudisha kwa koleo lenye ngozi. Ya plastiki hairudi. Ukiichemsha na kuibana, kama wanavyoshauriana watu, itakaa wiki moja kisha ifunguke tena, safari hii ikiwa dhaifu zaidi.

Ugonjwa wa pili

Hadi hapo kisa kingekuwa kimeisha, isipokuwa kulikuwa na malalamiko madogo yaliyokuwa yamejificha nyuma ya lile kubwa. Mara kwa mara bolti ilikuwa nzito kufunga katika milimita chache za mwisho, hata kwa B na C. Hili lilichanganywa na kukwama kwa A, na ndilo lililofanya usafishaji wa kwanza uonekane umesaidia: chemba safi ilipunguza uzito wa bolti, mwenyewe akadhani bunduki yote imepona.

Kutenganisha kulikuwa rahisi. Magazini ilitolewa kabisa na risasi bandia moja ikawekwa chembani kwa kidole. Bolti bado ilikuwa nzito. Magazini haikuwepo, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa.

Chemba ilisafishwa kwa dawa ya kuondoa masizi, ikaachwa dakika kumi na tano, ikasuguliwa kwa brashi ya shaba ya .22 na kupanguswa kwa vitambaa vikienda kutoka nyuma kuelekea mdomo wa mtutu, mpaka vitoke vyeupe. Uzito ulipungua, haukwisha. Kisha yakatazamwa maganda yaliyokwisha kulipuliwa. Kila ganda lilikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba wa urefu ubavuni, na kila mkwaruzo ulianzia chini kidogo ya lile bonyeo la pini kwenye ukingo. Bonyeo linaonyesha pini ilipiga upande gani, na mkwaruzo ukifuata bonyeo kwenye kila ganda, basi kinachokwaruza kiko kwenye chemba, mahali pini inapotua.

Sababu ni kufyatua bunduki tupu. Kwenye .22 pini huelekea ukingoni, na risasi isipokuwepo, katika bunduki ambayo pini yake haina kizuizi cha kutosha, inapiga moja kwa moja ukingo wa mdomo wa chemba. Chuma kinabonyea na kusukuma kivimbe kidogo kuelekea ndani. Kivimbe hicho ndicho kinachochora ganda na kuifanya bolti iwe nzito. Kijitabu kilikuwa kimeonya kwamba bunduki hii isifyatuliwe bila risasi bandia. Mwenyewe amekuwa akifanya mazoezi ya kidole sebuleni, bila kitu chembani, kwa muda mrefu.

Usiguse kivimbe hicho kwa tupa wala msasa. Ukiondoa chuma mdomoni mwa chemba, ukingo wa ganda unabaki bila mhimili, na ganda likipasuka hapo gesi hurudi usoni. Fundi hutumia pini nyembamba ya chuma kigumu, iliyong'arishwa na kuchongoka kidogo, anayoisukuma chembani ili kukirudisha chuma kilikotoka bila kukikata.

Barua ya pili

Swali gumu lilikuwa kama kiwanda kiambiwe habari ya kufyatua tupu. Kiliambiwa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi hata kwa maslahi matupu. Fundi wa kiwanda akiona picha ya chemba anajua alama hiyo imetoka wapi. Akikuta barua imeificha, atatilia shaka na habari ya magazini pia, ambayo ni ya kweli.

Barua ilikuwa fupi, ukurasa mmoja:

"Bunduki aina hii, namba hii, ilinunuliwa tarehe hii, risiti imeambatishwa. Imepiga takriban risasi 1,500. Hakuna sehemu iliyobadilishwa. Tatizo la kwanza: magazini ya kumi niliyoiita A inainamisha risasi ya kwanza hadi ya tatu ikiwa imejaa, mara 13 katika 100 kwa risasi bandia. Magazini B ya aina hiyohiyo: 0 katika 100. Nilibadilishana springi na kibao, kosa likabaki kwenye mwili wa A. Nafasi kati ya midomo kwa nyuma: A 5.5 mm, B 5.1 mm. Magazini zote zilisafishwa kabla ya majaribio. Picha 1 hadi 4. Tatizo la pili: kivimbe kwenye mdomo wa chemba, picha ya 5 na 6. Bunduki imefyatuliwa tupu, kinyume na kijitabu, na siombi waranti kwa hilo. Naomba ushauri kama kinaweza kurekebishwa na fundi aliyesajiliwa Kenya. Naomba mwili mmoja wa magazini au magazini kamili, kupitia mwakilishi wenu au muuzaji wangu."

Tazama kilichokosekana: hakuna hasira, hakuna vitisho vya mitandaoni, hakuna nadharia ndefu. Na ombi ni moja, dogo, lenye njia ya kulitimiza. Mtu wa huduma kwa wateja anayeweza kuidhinisha magazini hawezi kwa kawaida kuidhinisha bunduki mpya. Ukimwomba bunduki unamlazimisha kuipeleka barua kwa mkubwa wake, na huko inalala. Namba ya bunduki, kwa njia, hutumwa kwenye anwani rasmi ya kiwanda pekee. Kuiweka kwenye kundi la WhatsApp ni kujitafutia maneno.

Kiwanda kilijibu kwamba magazini itabadilishwa bila malipo, mwili mmoja ukatengwa siku hiyohiyo. Kuhusu chemba kilisema kazi hiyo ifanywe na fundi kwa gharama ya mwenyewe, kikaeleza kwamba waranti haivunjiki mradi chuma kisikatwe. Huo ni uungwana.

Makaratasi ndiyo yaliyokula muda. Kipuri cha bunduki hakitumwi kwa posta kama betri ya simu. Sheria yetu inapotaja silaha hujumuisha na sehemu zake, na uingizaji unataka kibali. Nchi za Ulaya nazo zina masharti yao ya kutoa sehemu za silaha nje. Kubishana kama magazini ni sehemu au ni kifaa cha ziada ni burudani ya mawakili. Mtu mwenye busara humwachia muuzaji aliyesajiliwa aagize kwa jina lake, pamoja na mzigo wake mwingine, na kusubiri miezi. Kifurushi kikishikwa forodhani kikiwa na jina lako na hakina kibali, maelezo utayatolea mahali usipopenda.

Bunduki nayo ilibidi ipelekwe Nairobi kwa fundi wa muuzaji huyo, maana ukarabati wa silaha ni kazi ya aliye na leseni. Nakuru tumezoea kutuma kila kitu kwa matatu, kuanzia vipuri vya trekta hadi kuku. Bunduki haimo. Ilisafirishwa na mwenye cheti mwenyewe, kwenye gari lake, ikiwa tupu, bolti imetolewa na kufungwa kando, risasi zikabaki nyumbani kwenye sefu, na cheti mfukoni kwa ajili ya vizuizi vya barabarani.

Baada ya ukarabati

Kazi ya chemba yenyewe haikuchukua hata saa moja. Fundi aliingiza pini yake mara kadhaa kwa kusukuma na kuzungusha, akijaribu kila mara kwa risasi bandia, mpaka bolti ikafunga kwa kidole kimoja. Alikagua pia ndoana inayovuta ganda, kwa sababu kivimbe kinachong'ang'ania ganda huitesa ndoana hiyo. Ilikuwa salama, masizi tu chini yake.

Magazini mpya ilipofika haikuaminiwa kwa upya wake. Midomo ilipimwa: 5.1 nyuma, sawa na B. Ikapitishwa risasi bandia mia, sifuri. Uwanjani ikapitisha hamsini hai, ikijazwa kumi kila mara, sifuri. Maganda yaliokotwa yote na kutazamwa juani. Mkwaruzo ulikuwa umetoweka, ukabaki mstari hafifu usioshikwa na ukucha. Risasi moja haikulipuka. Mtutu ukaachwa umeelekea shabaha kwa sekunde thelathini kabla ya bolti kufunguliwa, kama inavyotakiwa, na ukaguzi ukaonyesha pini ilipiga vizuri, kwa hiyo lawama ikaenda kwa risasi. Za .22 hufanya hivyo mara moja moja kwa kuwa dawa husambazwa ndani ya ukingo kwa kuzungushwa, na wakati mwingine huacha pengo.

Magazini A haikutupwa kwenye pipa la taka. Ilirudishwa kwa muuzaji ili aiharibu na kukiandikia kiwanda kwamba iliyobadilishwa haimo tena mikononi mwa mteja. B na ile mpya sasa hulala sefuni zikiwa tupu. Kwa mazoezi ya sebuleni, risasi bandia mbili za alumini zimewekwa kwenye kisanduku chenye rangi nyekundu, mbali kabisa na zile hai, na hubadilishwa kitako chake kikishabonyea kote pini inapopiga.